Uzoefu wangu: bergfex, Snow-Forecast na taarifa za maporomoko katika kulinganisha theluji ya Alpi

Safari ya skii kwenye Alpi, milima ya Ulaya, huharibika mapema, pale mtu anapochagua kituo cha skii kwa sababu tu kimeandikiwa sentimita nyingi za theluji kuliko vingine. Kwa kulinganisha vituo natumia tovuti mbili, bergfex na Snow-Forecast, pamoja na taarifa za hatari ya maporomoko ya theluji zinazotolewa na Météo-France, idara ya hali ya hewa, kwa upande wa Ufaransa na SLF, taasisi ya utafiti wa theluji ya Davos, kwa upande wa Uswisi. Kila moja ina kazi yake, na hakuna inayotosha peke yake.

Naanza na bergfex. Inapanga vituo vya nchi au jimbo zima kwenye jedwali moja: kina cha theluji bondeni, kina mlimani, theluji mpya, lifti (za kuwapandisha watu mlimani) zilizo wazi, na siku taarifa ilipotolewa. Itazame hiyo siku kabla ya namba yoyote. Sentimita 150 za siku tatu zilizopita zinaweza kuwa pungufu ya 120 za leo asubuhi, hasa kama katikati umepita föhn, ule upepo mkavu wa joto unaoshuka kutoka milimani na kula theluji. Jambo la pili, namba hizo hutolewa na vituo vyenyewe. Wapo wanaopima kwenye kiwanja kisichoguswa, na wapo wanaopima pale mashine zilipomwaga theluji ya kutengenezwa, kwa hiyo sentimita 40 za bondeni zinaweza kuwa utepe mweupe tu katikati ya majani. Fungua kamera ya mtandaoni ya stesheni ya chini ya lifti, kisha tazama mapaa ya nyumba na kingo za njia ya kuteleza. Njia yenyewe haikuambii kitu.

Pia usijumlishe theluji mpya ya kila siku ukadhani umepata kina. Theluji laini hujishindilia kwa uzito wake: sentimita 40 za usiku mmoja hushuka hadi 30 au chini ya hapo ndani ya siku mbili, hata bila kuyeyuka. Wiki iliyoangusha sentimita 100 inaweza kuongeza kina kwa 60 tu, na namba zote mbili zikawa sahihi.

Snow-Forecast naipendea jambo moja: inatoa utabiri kwa miinuko mitatu ya kila kituo, yaani chini, katikati na kileleni, na inaonyesha mwinuko ambao joto hufika nyuzi sifuri. Wengi husoma sentimita na kuuruka mstari huo, ambao ndio wenye faida kubwa kwa msafiri. Kwa kawaida theluji hugeuka mvua mita 200 hadi 300 chini ya mwinuko huo. Nyuzi sifuri ikiwa mita 2,000, theluji itashuka hadi kama 1,700. Kitzbühel ya Austria, ambako mji uko karibu mita 760 na njia nyingi ziko chini ya 2,000, itanyeshewa kwenye sehemu kubwa ya miteremko yake, ilhali Obergurgl, pia ya Austria, kwenye mita 1,930 na Val Thorens ya Ufaransa kwenye 2,300 watapata theluji hadi mlangoni. Milimita moja ya maji hutoa takriban sentimita moja ya theluji. Kukiwa na baridi kali hutoa zaidi, na theluji inakuwa nyepesi. Kuhusu sentimita zinazotabiriwa kwa siku ya saba au ya nane, mimi sizilipii hoteli. Hubadilika mno.

Hazina yenyewe iko kwenye taarifa za maporomoko, ingawa wanaobaki kwenye njia zilizosawazishwa huzipita wakidhani haziwahusu. Ile ya Météo-France, iitwayo BERA, hutolewa kwa kila safu ya milima na ina mchoro wa kina cha theluji kwa mwinuko, upande unaotazama kaskazini na ule wa kusini. SLF ina ramani za theluji mpya ya siku moja na ya siku tatu, zinazotegemea pia vipimo vya mitambo iliyo juu milimani, na programu ya simu ya White Risk. Hawa hawana chumba cha kukodisha wala tiketi ya lifti ya kuuza. Nyota tano bila kusita.

Kinachokosekana kote ni maelezo mepesi ya upande dhoruba inakotoka, na huo ndio unaoamua nani atapata. Hewa yenye unyevu ikitoka kaskazini-magharibi, hupanda ukuta wa kaskazini wa Alpi na kumwaga theluji: Lech, Zürs na Warth huko Arlberg ya Austria, Engelberg ya Uswisi, Avoriaz ya Ufaransa. Wakati huo Dolomiti, milima ya kaskazini mwa Italia, hukaa kwenye jua. Ikitoka kusini, mambo hugeuka: Arabba, Cortina na Gressoney za Italia hujaa, na kaskazini huvuma föhn. Ikirudi kutoka mashariki juu ya Piemonte, jimbo la Italia, tazama Isola 2000, Bonneval-sur-Arc na Queyras za Ufaransa. Zermatt ya Uswisi imezingirwa na milima mirefu na kwa kawaida haipati theluji nyingi kama Arlberg, lakini lifti zake hufika mita 3,883, na baridi ya huko huitunza theluji. Kiasi kinachoanguka na kiasi kinachobaki ni hesabu mbili.

Na theluji nyingi mno pia ni tatizo. Januari 2018 Zermatt ilikatwa, barabara na reli zikafungwa, na wageni kama 13,000 wakanasa. Taarifa ya maporomoko ikitaja hatari ya 4 au 5, ngazi mbili za juu kati ya tano, ahirisha kuondoka kwa siku moja au mbili.

Ratiba yangu ni hii. Siku kumi kabla, weka nafasi mbili zinazoweza kufutwa bila gharama, moja kaskazini na moja kusini mwa safu kuu ya Alpi. Siku tano kabla, angalia dhoruba inatoka wapi, kisha futa moja. Siku mbili kabla, soma mwinuko wa nyuzi sifuri na kasi ya upepo kileleni. Upepo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa unatosha kufunga lifti nyingi za juu, kwa hiyo hakikisha kituo kina njia za katikati ya misitu. Tiketi ya lifti inunuliwe baada ya hapo.