Vanishi au mafuta yenye nta: uzoefu wangu wa miaka miwili na kaunta ya msaji ndani ya HiAce

Kaunta ya jikoni iliyomo ndani ya gari letu ni ubao wa msaji wa Longuza, wilayani Muheza, wenye urefu wa mita 1.4, upana wa sentimita 50 na unene wa milimita 30. Gari lenyewe ni Toyota HiAce ambayo mimi na mume wangu tuliitoa viti vya nyuma, tukaweka kitanda, sinki, tangi la maji na jiko la gesi, kwa ajili ya safari zetu kati ya Tanga, Lushoto, Kondoa na Dodoma. Katika miaka miwili kaunta hiyo imepakwa mara mbili, kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo.

Mara ya kwanza tulitumia vanishi ya poliyurithani, mikono mitatu (yaani tabaka tatu, moja juu ya nyingine), na kwa miezi mitano ya mwanzo sikuwa na neno dhidi yake: ilikuwa ngumu, inang'aa, na kuisafisha ilikuwa kazi ya kitambaa kimoja. Tatizo lilijitokeza baada ya kutoka kwenye unyevu wa pwani na kukaa majuma mawili Dodoma wakati wa kiangazi. Ubao hutanuka unaponyonya unyevu na kusinyaa unapokauka, ilhali vanishi ni ganda lililokaa juu yake. Ukiongeza mtikisiko wa barabara ya vumbi, ganda hilo hupasuka pale lilipo dhaifu, na kwetu lilipasuka kwenye ukingo wa tundu la sinki. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, lakini maji yaliyopita hapo yalinaswa chini ya vanishi, yakaacha weupe kama maziwa, kisha madoa meusi, na hatimaye vanishi ikaanza kubanduka vipande vipande. Haikuwezekana kuziba sehemu ile peke yake bila kiraka kuonekana, kwa hiyo tuliikwangua kaunta nzima kwa msasa kwa siku mbili, huku vumbi likijaa hadi kwenye godoro.

Ni haki niseme kwamba msaji una mafuta yake ya asili yanayozuia vanishi kushika, na fundi seremala alinieleza baadaye kwamba tulipaswa kuufuta ubao kwa thina muda mfupi kabla ya kupaka mkono wa kwanza. Tungefanya hivyo huenda vanishi ingedumu zaidi. Hata hivyo kasoro iliyonisumbua zaidi ingebaki palepale, kwani siku inapoharibika, mtu aliye safarini hana la kufanya.

Mafuta ya kitani niliyafikiria na kuyaacha upesi, kwa kuwa yale mabichi huchukua siku nyingi kukauka, na katika joto lenye unyevu la Tanga sikutaka kaunta inayonata. Nilichagua Osmo TopOil ya Ujerumani, ambayo ni mafuta ya mimea yaliyochanganywa na nta, iliyotengenezwa mahsusi kwa meza na kaunta za jikoni. Kopo la nusu lita lililetwa na ndugu yangu kwa meli pamoja na mizigo yake, maana bidhaa inayoshika moto haipandishwi ndege hivi hivi. Nilimalizia msasa kwa namba 150 wala sikwenda laini zaidi, kwa sababu ubao uliolainishwa mno haunywi mafuta vizuri. Nikaufuta kwa thina, nikapaka mkono mwembamba sana, nikauacha usiku kucha, nikapaka wa pili. Upande wa chini na ukingo wa tundu la sinki niliupaka vilevile, jambo ambalo wengi huliruka, na ndiko maji yanakoanzia. Vitambaa vilivyolowa mafuta nilivitandaza nje hadi vikakauka kabisa. Vikikunjwa na kurundikwa vinaweza kuwaka moto vyenyewe, na ndani ya gari lenye mtungi wa gesi hilo si la kufanyia majaribio.

Tulisubiri majuma mawili kabla ya kuimwagia maji, na harufu ilitulazimu kuacha milango wazi mchana kutwa. Tangu hapo chai, tui na maji ya ndimu vimefutika bila kuacha alama. Manjano iliacha doa, ambalo lilififia lenyewe kwa jua la dirishani. Sufuria ya moto iliacha duara jeupe tukiwa Lushoto, nami nikalisugua kwa msasa, nikapaka mafuta hapohapo kambini, na asubuhi halikuonekana tena. Kwa ugumu haifikii vanishi: kisu huichora, hivyo tunatumia kibao cha kukatia, na kando ya sinki nimelazimika kuipaka upya baada ya mwaka mmoja.

Mafuta yaliyobaki ni zaidi ya nusu ya kopo. Kwa kuwa hewa huyafanya yagande juu, niliyahamishia kwenye chupa ndogo za kioo zilizojazwa hadi mdomoni, na moja hukaa ndani ya sanduku la vifaa pamoja na kipande cha msasa, kila tunapoondoka.