Makumbusho ya Wanawake, Hanoi: anzia ghorofa ya tatu

Anayefuatilia habari za wanawake waliopigana chini ya bendera ya wakomunisti Vietnam aanzie hapa, namba 36, mtaa wa Lý Thường Kiệt. Hufunguliwa saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na kiingilio cha mtu mzima ni dong 40,000. Kifaa cha maelezo ya sauti hulipiwa kando. Kichukue, maana vibao vya Kivietnam, Kiingereza na Kifaransa ni vifupi mno.

Wageni wengi hupanda kwa mpangilio, wakachokea ghorofa ya pili kwenye harusi na uzazi, kisha historia wakaipita mbiombio. Wewe nenda moja kwa moja ya tatu (kule sakafu ya chini ndiyo ghorofa ya kwanza) na uipe saa moja na nusu. Ndiyo ghorofa ya akina Nguyễn Thị Định, aliyeongoza maasi ya Bến Tre, mkoa wa kusini, mwaka 1960, akawa naibu kamanda wa jeshi la ukombozi la kusini mwaka 1965 na jenerali mwaka 1974.

Ubora wa ghorofa hii ni kwamba inaionyesha vita kama kazi. Kampeni ya Majukumu Matatu ya mwaka 1965 iliwadai wanawake uzalishaji, nyumba na mapigano kwa pamoja. Katika Njia ya Ho Chi Minh, iliyopitisha askari na vifaa toka kaskazini hadi kusini, wasichana walifukia mashimo ya mabomu usiku ili malori yapite. Pale Đồng Lộc, njiapanda ya njia hiyo, Julai 24, 1968, kumi kati yao waliuawa kwa bomu moja. Anayeijua Nachingwea, kusini mwa Tanzania, ataitambua kazi hiyo: Kikosi cha Wanawake cha FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kilichoanza mafunzo pale mwaka 1967, nacho kilibeba risasi na mabomu hadi ndani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji.

Kasoro ni kubwa. Makumbusho ni ya Umoja wa Wanawake wa Vietnam, jumuiya iliyo chini ya chama tawala cha kikomunisti, na husimulia ushindi. Waliorudi toka msituni na malaria, umri wa kuolewa umewapita, wakalea watoto peke yao, wanastahili chumba kizima. Wanawake wa upande wa Saigon, yaani wa serikali ya kusini iliyopigana na wakomunisti, nao ni kama hawakuwapo.

Ghorofa ya nne ni ya mavazi. Kama muda ni mdogo iache, utembee hadi gereza la Hỏa Lò, lililo jirani. Wafaransa waliwafunga humo wanamapinduzi wanawake pia.