Kipima hewa nilichouziwa Darajani

Muuzaji wa duka lile salamu yangu hakuijibu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mama yangu ana pumu. Hapa Jang'ombe, Unguja mjini, watu huchoma taka jioni, mifuko ya plastiki, nepi, majani mabichi, na moshi wote huja dirishani kwake. Nikajikaza nikanunua kidude cha kupimia PM2.5, lile vumbi laini lisiloonekana linalopenya mpaka ndani ya mapafu.

Mwanzo nilikipenda sana. Ikaingia masika. Alfajiri moja mvua imekatika, hakuna hata jiko lililowashwa, kidude kinasoma 140. Nikafunga madirisha, nikamkimbilizia mama dawa yake ya kuvuta, moyo unanienda mbio. Kesho yake vilevile. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linataka wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa, sasa mgonjwa akiiona 140 atalala vipi?

Nikakirejesha dukani. Yule kijana, macho kwenye simu, akanambia mbele ya wateja: "Dada, hivi vitu si vya watu wa Ng'ambo. Wewe kwani daktari?" Ng'ambo ndiyo mitaa yetu hii, nje ya Mji Mkongwe. Wallahi nilitoka natetemeka.

Aliyenifahamisha ni mpwa wangu, fundi simu. Ndani mna mwanga wa leza unaopiga kila chembe inayopita. Hewa ikijaa unyevu, chembe hunywa maji zikavimba, nacho kikahesabu vumbi jingi kuliko lililopo. Basi! Maneno machache tu. Anayeuza vipima hewa kisiwani, bahari pande zote, anashindwaje kumwambia mteja hivyo?

Nilikuwa niandike msinunue kabisa. Lakini juzi usiku, kabla pua yangu haijanusa chochote, namba zikaanza kupanda: 40, 90, mia mbili na kitu. Nikafunga dirisha la mama. Alilala mpaka asubuhi bila kukohoa. Na programu ya hewa kwenye simu yangu wakati huohuo ilikuwa kijani, eti hewa nzuri, kwa vile haina kituo mtaani kwetu, inakisia tu kwa hesabu.

Kwa hiyo kidude ni kizuri. Alfajiri za masika nakizima, jua likipanda nakiamini. Duka lile sikanyagi tena. Ila mjomba wa Chake Chake naye ana kifua, anataka nimnunulie, na mjini kote kwengine sijakiona.