Inkscape na Gcodetools kwa mipindo ya rauta ya CNC: inachora vizuri, inakata kwa masharti

Mpindo unaoteleza vizuri kwenye skrini unaweza kutoka kwenye rauta ya CNC, mashine ya kukata mbao inayoongozwa na kompyuta, ukiwa na bapa ndogo ndogo ukingoni, na lawama ya kwanza huangukia mashine: mikanda imelegea, biti ni butu, spindo inacheza. Kabla hujashika spana, fungua faili. Kwenye rauta ndogo zinazoendeshwa na GRBL, programu iliyo kwenye bodi ya mashine, ukwaru mwingi wa namna hiyo huanzia kwenye mchoro na kwenye namna mchoro ulivyogeuzwa kuwa msimbo wa G, yaani amri za mwendo ambazo mashine inazifuata. Hapa tunaipima Inkscape, programu huria ya kuchora, pamoja na kiongezi cha Gcodetools kinachokuja ndani yake, kwa kazi hiyo moja: kuufikisha mpindo kwenye ubao ukiwa bado ni mpindo.

GRBL haiujui mpindo huru. Inajua mstari ulionyooka, G1, na tao la duara, G2 na G3. Basi. Kila kitu kingine lazima kikatwekatwe kabla ya kuifikia. Programu nyingi hukikata kuwa mistari mifupi, na hapo ndipo penye kazi. Chukua tao lenye nusu kipenyo cha mm 50. Ukiruhusu kosa la mm 0.1, yaani mstari uachane na tao kwa kiasi hicho, kila mstari unakuwa na urefu wa karibu mm 6.3 na kila kiungo kinageuka nyuzi 7 hivi. Bapa hizo zinaonekana hata bila miwani. Ukishusha kosa hadi mm 0.01, mistari inakuwa ya mm 2 na viungo vya nyuzi 2.3, na msasa mmoja mwepesi unavimaliza.

Usidhani basi kwamba kadiri mistari inavyokuwa mifupi ndivyo mambo yanavyonyooka. GRBL 1.1 kwenye bodi ya Arduino Uno huweka akiba ya mistari 16 tu mbele yake, na haikubali kwenda kasi ambayo haitaweza kuisimamisha ndani ya mistari hiyo. Mistari ya mm 0.02 inaipa mm 0.32 za kutazama mbele. Kwa mchapuko wa mm 200 kwa sekunde mraba, mwendo hautavuka mm 680 kwa dakika, hata kama faili imeandika 2000. Biti inakokota, mbao zinaungua, na mtu anaongeza mwendo kwenye faili bila kuona tofauti yoyote.

Gcodetools inaingia hapo, na hii ndiyo sababu kubwa ya kuitumia: mpindo wa Inkscape inaugeuza kuwa jozi za matao yanayogusana bila kona. Kipande ambacho kingekuwa mistari mia kinakuwa amri chache za G2 na G3, na bodi yenyewe ndiyo inayoyagawa matao hayo kwa kosa la mm 0.002, yaani mpangilio wa GRBL uitwao $12, ambao hauna haja ya kuguswa. Ila mipangilio ya kuanzia ya kiongezi chenyewe ni ya ovyo. Kwenye kichupo cha Path to Gcode, kosa linaloruhusiwa la matao huja likiwa 1 na kina cha mgawanyo kikiwa 4. Weka 0.02 na 8. Ukiacha ile 1, mpindo mrefu wenye nodi chache (pointi zinazoushikilia mpindo) unapotoka waziwazi, na usipolinganisha kipande na mchoro utadhani ulichora vibaya.

Kwenye kuchora, Inkscape ina nguvu na ina mtego. Nodi laini, Shift+S, inahakikisha tu kwamba mwelekeo hauvunjiki. Ukali wa mpindo unaweza kuruka ghafla palepale kwenye nodi, kama unavyoruka mstari ulionyooka unapokutana na robo duara. Macho hukwama hapo, na mashine nayo hushtuka: kwa mm 50 kwa sekunde kwenye tao la mm 5, mchapuko wa pembeni unapanda kutoka sifuri hadi mm 500 kwa sekunde mraba papo hapo. Rauta ya mikanda huacha mawimbi madogo baada ya ruko hilo.

Dawa ni hali ya Spiro kwenye kalamu. Bonyeza B, chagua Spiro kwenye upau wa juu, kisha weka nodi pale tu mpindo unapobadilika: kileleni, bondeni, na mahali unapogeuza upande. Ukingo wa kiti wenye umbo la S unatosheka na nodi tano. Spiro inaukaza na kuulegeza mpindo taratibu badala ya kuurusha. Ubaya wake ni ukaidi: nodi zikisongamana sehemu moja na kuachana sana kwingine, mstari unajizungusha kitanzi, na kusogeza nodi moja kunatikisa majirani zake. Ukiridhika, bonyeza Ctrl+Shift+C ili umbo ligande kuwa njia ya kawaida kabla ya kulipeleka popote.

Picha iliyofuatishwa na programu kiotomatiki ni habari nyingine. Inaleta nodi mamia, na kila nodi ni kakona. Ctrl+L inazipunguza, lakini ukiibonyeza harakaharaka inazidi kuwa kali kila mara, na inakula kona ulizozitaka pamoja na vipimo. Ni afadhali kuifunga picha kwenye safu yake na kuchora upya juu yake kwa Spiro.

Udhaifu mkubwa uko kwenye nusu kipenyo cha biti. Path to Gcode inapitisha kitovu cha biti juu ya mstari wenyewe, kwa hiyo biti ya mm 6 inakula mm 3 za kipande pande zote. Njia ya kuzunguka ni hii: upe mstari unene wa mm 6 na viungo vya mviringo, bonyeza Ctrl+Alt+C, tenganisha kwa Ctrl+Shift+K, futa mstari wa ndani na ukate kwa ule wa nje. Inafanya kazi, lakini nodi zinaongezeka, na marekebisho yoyote yanakurudisha mwanzo, kwa hiyo hifadhi nakala ya mchoro wa awali. Mipindo inayoingia ndani ichorwe kwa nusu kipenyo cha mm 4 au zaidi. Kwenye mm 3 kamili kitovu cha biti kinazunguka pale pale kikiunguza.

Kuna na visirani vidogo. Kiongezi kinakataa kufanya kazi usipokuwa kwenye kichupo cha kitendo unapobonyeza Apply. Folda ya kuanzia ni /home, jambo lisilo na maana kwenye Windows. Hakiachi vishikizo vya kushikilia kipande, kwa hiyo acha ngozi ya mm 0.3 chini au tumia skrubu. Bodi ikitoa kosa la 33, mara nyingi kuna tao dogo mno ambalo ncha zake hazilingani na kitovu. Futa nodi mbili zilizokaribiana na utoe msimbo upya.

Ukipeleka SVG, faili ya mchoro ya Inkscape, kwenye programu nyingine, chora kando mraba wa mm 100. Tangu toleo la 0.92, Inkscape huhesabu pikseli 96 kwa inchi. Ukipimwa mm 106.7 upande wa pili, programu hiyo bado inahesabu 90.

Kwa mapambo, vibao vya majina, miguu ya meza na vipande bapa vyenye mikunjo huru, mseto huu unastahili muda wako. Kwa vipande vinavyoingiliana kwa kipimo kamili, hapana: Inkscape haina vizuizi vya vipimo vinavyofunga urefu au pembe isibadilike, wala haikuchorei ukali wa mpindo ili uone ruko kabla ya kukata. FreeCAD, programu ya usanifu wa kihandisi, inavyo vyote viwili.