Mawe ya kuchonga zana: kwa mama wa kokoto Kigoma, nyota 4

Nafundisha historia sekondari hapa Kigoma mjini na kila tukifika zama za mawe huwa naleta mawe shuleni tuyagonge wenyewe, maana mtoto ukimchorea ubaoni lile shoka la mkono la mawe la Isimila kule Iringa anakariri anajibu mtihani basi, ila akishaona kibanzi kinaruka kwenye jiwe afu kibanzi hicho hicho kinakata kamba ya katani, hasahau tena. Shida yangu miaka yote imekuwa mawe. Gumegume kama la Ulaya, lile jiwe gumu linalobanduka vibanzi vyenye makali, huku hatuna, yale meusi ya volkano yanayong'aa kama chupa yako Naivasha huko Kenya, kwahiyo tunahangaika na kilichopo: kwatzi, lile jiwe jeupe kama chumvi ya Uvinza, pamoja na mawe ya mchanga yale yaliyoshikana mpaka yakawa magumu kabisa.

Mwaka jana nilinunua toroli zima sehemu moja, sitaitaja, nikafika nalo shule na wanafunzi wameshakaa duara wanasubiri, yaani kila nikigonga linasambaratika vipande vya pembepembe, hamna hata kibanzi kimoja cha maana. Baadae ndo nikaja kuelewa, pale mwamba wanauchoma kwanza, wanawasha magogo na matairi juu yake upasuke ili kugonga kokoto iwe rahisi. Kwa zege haina neno. Kwa zana umeshaharibu, kwatzi likifika nyuzi joto 573 linapanuka ghafla na nyufa zinabaki humo ndani huzioni kwa macho.

Sasa huyu mama. Bodaboda ndo alinipeleka, yuko nje kidogo ya mji, anagonga kokoto kwa nyundo na wajukuu zake wanamsaidia kupanga ndoo. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu, akanijibu moja kwa moja, "Mwanangu, ya kwangu hayajaona moto." Kilichonifurahisha zaidi ni anavyochagua. Jiwe analiweka juu ya ncha za vidole, halikumbatii, afu analigusa na nyundo ndogo: likilia ngiii kama kengele analiweka pembeni, likisema bu linaenda kwenye kokoto. Mimi nikaongeza la kwangu, nikaomba apasue pembe kidogo niangalie ndani, uso ukiwa laini wenye mawimbi kama ganda la kome la ziwani hilo chukua, ukiwa na chenga chenga kama sukari achana nalo. Hakuchoka hata kidogo, tulikaa karibu saa nzima kwa ndoo moja!

Ndoo ya lita 20 amenifanyia 5,000 na kuchagua humo humo. Mawe 23, kama 15 yametoa vibanzi vizuri. Yale ya mchanga magumu yanafaa kwa zana kubwa kubwa, kwatzi ni dogo na kaidi, njia yake ni kulisimamisha juu ya jiwe lingine pana unaligonga kutoka juu, na msilidharau jamani, kule Kondoa watu wa zama za mawe za mwisho vijisu vyao vidogo vingi ni vya kwatzi.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu mfuko wa salfeti alionipa ulichanika njiani, mawe yana makali yale, nendeni na ndoo yenu yenye mfuniko. Pia jiwe la kugongea hana, hilo tembea ufukweni Katonga uokote la mviringo linalojaa kiganjani, lililosuguliwa na maji na lisilo na ufa.

Na tafadhali walimu wenzangu, gongeeni nje kwenye upepo, miwani kwa kila anayegonga, vumbi la mawe haya likiingia kwenye mapafu halitoki. Nilipoona mama anagonga kutwa macho wazi niliumia sana, safari ya pili nikampelekea miwani ya mafundi na barakoa, miwani anavaa, barakoa anasema inambana pumzi, bado naendelea kumbembeleza.

Nenda kabla ya saa nne asubuhi, jua likikaza anapumzika, na Jumapili hayupo. Mwambie ni ya kuchonga, atajua pa kuanzia.