Nyuzi mpya za ukulele yangu, baada ya kuhangaika na mshipi wa Kirumba

Nafundisha chekechea huku Ilemela, Mwanza, na darasa langu halitulii bila ukulele, kile kigitaa cha nyuzi nne. Yangu ni soprano, ile ndogo kuliko saizi nyingine za kawaida, niliinunua ikiwa imeshatumika. Mwaka huu ilianza kuniaibisha. Asubuhi naituni vizuri, saa ya uji ikifika imeshalegea, watoto wanaimba juu na mimi napiga chini. Nyuzi zilikuwa zilezile ilizokuja nazo, za naylon nyeusi, na ukipitisha kucha kwa chini, kwenye freti tatu za mwanzo (vile vyuma vinavyokatiza shingo), ulisikia vishimo. Uzi ukishachimbika hivyo hautuniki tena. Nilichelewa kulijua hilo. Miezi mizima niliilaumu mvua.

Mjini nilianzia kwenye duka la vyombo vya muziki. Kijana akanitolea nyuzi za gitaa za chuma, akasema kata tu, funga. Nilirudisha. Ukulele ilianzia Hawaii, kutokana na vigitaa vidogo vya Wareno wa Madeira waliofika Honolulu kwa meli iitwayo Ravenscrag mwaka 1879, na zamani nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa kondoo. Mbao zake ni nyembamba kwa sababu hiyo. Zimezoea mvuto mdogo. Ukizifunga chuma, siku moja utakuta lile daraja la nyuzi limebanduka na kipande cha kifua kimeondoka nalo.

Ndipo nikapata wazo ambalo mtu yeyote wa Mwanza angelipata: mshipi wa kuvulia samaki. Naylon si ni naylon? Nikaenda Kirumba, kule mwaloni, kwa mzee mmoja anayeuza nyavu, ndoano na mishipi. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka baba," akaitikia, akaniuliza, "Mayu, unataka wa sato au wa sangara?" Nikamwambia nataka unene wa kila namna, kidogo kidogo. Alinitazama kama mtu aliyekuja kumpotezea muda, lakini alinikatia: milimita 0.6, 0.8 na 1.0, kama zilivyoandikwa kwenye rola. Vyote kwa elfu mbili na mia tano.

Nisiwe mchoyo wa sifa, mshipi ule ulifanya kazi nusu. Nyuzi mbili nyembamba, zile za so na la, zililia vizuri kabisa, na kama huna hela ya kitu kingine unaweza kuishi nazo. Shida ilikuwa uzi wa do, ule mnene. Ulitoa sauti ya mpira wa manati. Tena mshipi wa kuvulia umetengenezwa uvutike, ili samaki akikurupuka usikatike ghafla, na tabia hiyo nzuri majini ni balaa kwenye ukulele. Wiki mbili nilikaza, ukalegea. Nikakaza, ukalegea.

Nikaagiza nyuzi zenyewe kutoka Dar, seti ya fluorokaboni, aina ya plastiki. Elfu ishirini na mbili, na elfu tano ya basi. Zimesafiri zaidi ya kilomita 1,000, nikazichukua stendi ya Nyegezi zikiwa kwenye bahasha ya kaki. Nilipofungua nilikasirika kidogo, kwa sababu nilichokiona ni duara nne za mshipi! Mdogo wangu, ambaye ni mvuvi Igombe, alicheka mpaka akakaa chini. Na hakukosea. Fluorokaboni ilianza maisha yake majini. Kampuni ya Kureha ya Japani ndiyo iliyotoa mshipi wa namna hiyo mwaka 1971, kwa jina la Seaguar, kwa kuwa unapinda mwanga karibu sawa na maji yenyewe na samaki hauoni kirahisi. Watu wa muziki waliudokoa baadaye kwa sababu nyingine, uzito. Sentimita moja ya ujazo ya naylon ina kama gramu 1.14, ya fluorokaboni gramu 1.78. Uzi mzito unaweza kuwa mwembamba na bado ukatoa sauti ileile, na uzi mwembamba hulia kwa uwazi zaidi. Halafu haunywi maji. Naylon hunywa unyevu wa hewani, na sisi tunaoishi ufukweni tunajua unyevu ni nini.

Sasa kufunga. Hapa ndipo nilipotaka kumpa fundi, nikashukuru sikumpa.

Usitoe nyuzi zote nne kwa mkupuo. Toa mmoja, funga mmoja, ili kile kipande cheupe cha darajani kisidondoke na shingo isishtuke. Daraja la ukulele yangu lina mipasuko minne: unapiga fundo mwishoni mwa uzi, unalipenyeza kwenye mpasuko, fundo linashika kwa ndani. Nyingine zina matundu, na kwazo unauzungusha uzi na kuupitisha chini yake wenyewe mara mbili tatu, kama kufunga mbuzi.

Fundo langu la kwanza lilichomoka nikiwa nakaza, uzi ukanichapa kidoleni. Fluorokaboni inateleza na ni ngumu kidogo, haikubali fundo la haraka. Mdogo wangu akaninyang'anya. "Dada, hivi ndivyo unavyofunga? Ungekuwa ziwani ungerudi na ndoano tupu." Akapiga fundo la nane, akalitia mate, ndipo akalivuta polepole hadi likakaza. Mate si uchafu, akasema; ukivuta fundo kavu, uzi unajisugua, unapata joto na kudhoofika palepale unapoutegemea. Wavuvi wote hufanya hivyo. Ufundi huo haukuandikwa kwenye bahasha, na hizo nyuzi zingine tatu hazijachomoka hata mara moja.

Juu, kwenye funguo za kukazia, acha uzi uzunguke mara mbili au tatu, kila mzunguko ukikaa chini ya uliotangulia. Ukizungusha mara nane kama nilivyofanya utotoni kwenye gitaa la kanisani, unajiongezea mahali pa kulegea.

Kutuni si kazi kwa aliyepita kwaya. Kuanzia uzi ulio karibu na kidevu: so, do, mi, la, ukichukua do kuwa C. Ila hiyo so si ya chini. Ni ya juu, jirani ya la, na ndiyo inayoipa ukulele ule mlio wake wa kuchekacheka. Anayetoka kwenye gitaa hujikuta anaikaza nusu tu, anadhani amemaliza, kisha anashangaa kodi zote zinapingana. (Kodi za muziki, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si zile tunazolipa.)

Siku nne za mwanzo zilinichosha. Nyuzi mpya lazima zivutike kwanza. Nilikuwa nakaza, nauvuta kila uzi taratibu kwa kidole katikati, nakaza tena, asubuhi na jioni. Siku ya tano zikatulia. Tangu hapo ni wiki kumi, zikiwemo siku mbili mfululizo tulizonyeshewa chini ya bati linalovuja, na nazigusa funguo mara moja tu asubuhi. Sauti imekuwa angavu na inadumu zaidi. Watoto wa nyuma sasa wanasikia. Kwa nyimbo za polepole, zile za kuwalaza, nilipenda zaidi ule mlio mzito wa naylon, na sitadanganya hapo.

Kasoro ninazo mbili. Kwa kuwa nyuzi hizi ni nyembamba, zilielea ndani ya mikato ya kile kipande cha mpakani mwa shingo na kichwa, iliyochongwa kwa nyuzi nene, na uzi wa so ukawa unavuma kama nzi kwenye chupa. Nilikata kipande kidogo cha karatasi ya daftari, nikakikunja na kukitandika kwenye mkato chini ya uzi. Tatizo likaisha. Sijui kwa nini muuzaji hakutaja kitu kama hicho. Ya pili, uzi wa mi uliendelea kulegea peke yake nikaanza kumlaani aliyeniuzia, kumbe ni ufunguo wangu. Ukulele za bei nafuu nyingi zina funguo zisizo na meno, zinazoshikwa na skrubu ndogo nyuma ya kila ufunguo. Kaza skrubu robo mzunguko, mwisho wa habari. Kwa hiyo kabla hujanunua nyuzi mpya, jaribu hiyo kwanza, ni bure.

Wapo pia wanaosifia zile nyeupe za Aquila, za Italia, zilizotengenezwa kuiga utumbo. Sijazijaribu, zikija Mwanza nitazitafuta. Kwa sasa hizi za fluorokaboni nazipa nyota nne. Ya tano imebaki Nyegezi pamoja na elfu tano zangu za basi.

Seti inauzwa ndefu kutosha hata ukulele kubwa zaidi, hivyo kwenye soprano kinabaki kipande kirefu kila uzi. Nilitaka kuvitupa. Mdogo wangu aliviokota, akavipima kwa shubiri, akavifungia ndoano na kuondoka navyo Igombe. Hadi leo hajaniletea hata mkia wa sato.