Pasi ya nywele ya volti 100 hadi 240, niliyosafiri nayo Marekani
Draya yangu ya Kariakoo, ya wati 2,000 na volti 230 pekee, iliniangusha Minneapolis, kwa kuwa umeme wa Marekani ni volti 120 na kwa kiwango hicho kifaa hutoa takriban robo tu ya nguvu yake, hata upepo ukawa vuguvugu. Pasi hii ndogo, iliyoandikwa "100–240V, 50/60Hz" kwenye mpini, ilihitaji adapta ya plagi tu, ikanyoosha nywele zangu za kipilipili hadi kwenye mizizi bila kuziunguza. Waya wake ni mfupi mno. Nilisimama nimebanwa ukutani kila asubuhi. Hata hivyo, ningeinunua tena. Anayeleta Dar kifaa cha volti 120 pekee asikichomeke kwa adapta, kwani adapta haipunguzi umeme, nacho kitaungua.